Mpiga Fidla Kijana na Shule ya Watu Wanne

Ukimwona mpiga fidla kijana amesimama mbele ya okestra nzima, ni rahisi kudhani hapo ndipo ufundi wake ulipojengwa. Mara nyingi sivyo. Mchukue Randall Goosby, Mmarekani aliyezaliwa San Diego mwaka 1996. Akiwa na miaka 13 alishinda kitengo cha vijana cha mashindano ya Sphinx, yaliyoanzishwa ili kuwafungulia njia wanamuziki weusi na Walatino. Mwaka 2020 akasaini mkataba na kampuni ya rekodi ya Decca, na mwaka 2023 ikatoka albamu aliyorekodi na Philadelphia Orchestra, yenye konseto mbili za mtunzi Florence Price, ambazo nakala zake ziliokotwa mwaka 2009 katika nyumba iliyotelekezwa huko Illinois.

Hayo ndiyo yanayojaa kwenye vipeperushi. Nyuma yake kuna jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Goosby alifundishwa katika shule ya muziki ya Juilliard na wapiga fidla Itzhak Perlman na Catherine Cho, na vilevile akapitia Perlman Music Program, ambayo kambi yake ya kiangazi iko Shelter Island, jimbo la New York. Huko hata mpiga fidla hodari huimba kwaya, na wanafunzi hupangwa katika vikundi vidogo visivyo na kiongozi wa kuwapungia fimbo.

Sasa tazama kimoja cha vikundi hivyo, kwateti: fidla mbili, viola na chelo. Nani anaanzisha? Mpiga fidla ya kwanza huvuta pumzi na kuinyanyua fidla yake kidogo, na mwendo wa pumzi hiyo ndio mwendo wa muziki. Pinde nne hugusa nyuzi kwa pamoja bila mtu kuhesabu.

Kulinganisha sauti ni kazi ngumu zaidi. Shingo ya fidla haina vigawanyo kama vya gitaa. Kidole ndicho kinachoamua. Apigaye peke yake huweza kuipandisha kidogo sauti ya tatu ya skeli ili ing'ae. Katika kwateti, sauti hiyo ikikaa kati ya nyingine zinazovuma pamoja, huteremshwa chini ya ile ya piano kwa takriban asilimia 14 ya nusu toni, na hapo ndipo zote hutulia. Kitabu kinaweza kukueleza hesabu yake, lakini ni chelo ya mwenzako itakayokuonyesha kwamba umekosea.

Goosby hakuiacha shule hiyo ya watu wanne alipopata jina. Pamoja na marafiki watatu anapiga katika Renaissance Quartet, ingawa kwa mkataba na fidla aliyonayo angeweza kubaki msanii wa peke yake tu. Fidla yenyewe ni Stradivarius ya mwaka 1708, aliyoazimwa na Samsung Foundation of Culture. Bei ya vyombo vya aina hiyo hufika mamilioni ya dola, hivyo taasisi hununua na vijana huazimwa.

Anayetaka kumsikia asianze na konseto. Atafute albamu ya Roots ya mwaka 2021, afungue wimbo wa kwanza, Shelter Island wa Xavier Foley: fidla ya Goosby na besi kubwa ya Foley mwenyewe, basi.