Mbegu ya mboga haihifadhiwi kabatini

Kwa muda wa miaka minane kikopo kidogo cha bati kilikaa ndani ya mtoto wa meza yangu ofisini, baina ya insha za wanafunzi na kalamu zilizokauka wino. Ndani yake mlikuwa na mbegu za mnavu nilizopewa na marehemu mama yangu mwaka 2014, miezi michache kabla hajatutoka. Alizifunga katika kitambaa, akaniambia, "Mwanangu, zipande huko uliko, usije ukanunua mboga kila siku kama mtu asiye na kwao." Nikamwitikia, "Nitazipanda, Mama."

Sikuzipanda. Kila nilipokifungua kikopo kile nilimkumbuka mama, nikakifunga tena, nikaamini kuwa nimezihifadhi. Mwaka 2022 nilihamia nyumba yenye kiwanja nyuma yake, kisichozidi hatua 10 kwa 6, ndipo nikazitoa. Nilihesabu mbegu 40, nikazisia. Siku ya saba sikuona kitu. Siku ya kumi ukachomoza mche mmoja, na baada ya siku mbili ukafuata wa pili. Zile 38 zilizosalia hazikuamka kamwe.

Jirani yangu, bibi mmoja aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, alinikuta nimechuchumaa kando ya tuta nikiutazama ule uchache. Akasema, "Mwalimu, mbegu si picha ya marehemu ya kutundikwa ukutani. Ukiipenda, ipande."

Maneno hayo yamenikaa moyoni hadi leo, na ndiyo yaliyonisukuma kuishika kalamu. Mbegu ni kiumbe hai. Ndani ya lile ganda mna mche mchanga na akiba yake ya chakula, nao unapumua polepole mno. Joto na unyevu vikizidi, akiba hiyo humalizika upesi na mche hufia ndani, ilhali kwa nje mbegu ingali inang'aa. Hata wataalamu wa benki ya taifa ya mbegu iliyoko Muguga, wenye vyumba vya baridi kali, hulazimika kuzirudisha mbegu shambani mara kwa mara ili wapate mbegu mpya. Ikiwa wao hawaziamini baridi zao pekee, sembuse mimi na kikopo changu cha bati!

Msomaji huenda akauliza, mwanaisimu ana nini na mboga? Jibu nililipata darasani. Siku moja niliwataka wanafunzi wangu wa mwaka wa pili waandike majina ya mboga za majani wanazozijua. Takriban wote walianza na sukuma wiki, kabichi na spinachi. Wengi waliishia hapo. Wachache waliongeza managu na terere, na mmoja tu aliandika mnavu. Nilipowauliza maana ya kitenzi kuatika, darasa zima lilinyamaza, mpaka kijana mmoja akasema kwamba pengine ni kosa la chapa la neno kuathiri. Tulicheka sote, lakini niliporudi ofisini kicheko kilinitoka. Kuatika ni kuhamisha miche kutoka kitaluni na kuipanda mahali itakapokulia. Neno hilo halijafutwa kamusini. Limetoweka vinywani kwa sababu kazi yenyewe imetoweka mikononi.

Mmea huo niliopewa na mama, Waluhya wengi huuita lisutsa, Wajaluo osuga, Wakikuyu managu, Wakisii rinagu, Wakalenjin isochot. Wingi huo wa majina ni ushahidi kwamba kila jamii ilijua mahali pa kuusia, wakati wa kuuchuma na jinsi ya kuupunguza uchungu. Ama ile tunayoiita spinachi huku kwetu, aghalabu si spinachi halisi bali ni mmea wa ukoo wa kiazisukari, na alichokosea aliyeubatiza tumekirithi sote. Naye sukuma wiki ni mgeni aliyetoka ng'ambo, tukampa jina lenye ucheshi na uchungu kwa pamoja: mboga ya kuisukuma wiki hadi mshahara ufike. Simfukuzi mgeni huyo, kwani watoto wangu wamekua kwa mikono yake. Nasema tu kwamba mgeni asiwatoe wenyeji nyumbani.

Basi yafaa nieleze yale niliyoyajua baada ya makosa mengi, ili mwalimu au mwanafunzi mwenye kiwanja, au hata gunia na debe kuukuu lililotobolewa chini, aweze kuanza.

La kwanza ni kuijaribu mbegu kabla ya kuisia. Chukua mbegu 10, uzitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu, uzikunje na kuziweka mahali penye joto la kadiri, kisha uzihesabu zilizochipua baada ya wiki moja hivi. Zikiwa nane au tisa, mbegu yako ni njema. Zikiwa tatu, sia nyingi zaidi au utafute nyingine. Laiti ningalifanya jaribio hilo dogo mapema, ningalijua kuwa urithi wangu unazimika. Lakini lazima kuwajua wenye usingizi mzito. Mbegu ya saga iliyovunwa karibuni husita kuota, na huamka vizuri zaidi ikiwa imekaa miezi kadhaa. Usiitupe ukidhani imekufa.

La pili ni kitalu. Mbegu ya mnavu ni ndogo mno, na ukiimwaga kwa mkono itaangukia pamoja yote. Mama yangu aliichanganya na majivu au mchanga mkavu ili itawanyike. Udongo uwe laini, uliochanganywa na samadi iliyokwisha kuoza, kwani samadi mbichi huiunguza miche. Chora vijifereji vyenye kina cha nusu sentimita tu, sia, funika kwa udongo mwepesi, kisha tandaza nyasi kavu juu yake. Miche ikianza kuchomoza ziondoe nyasi hizo mara moja, ama sivyo itarefuka na kupauka ikiutafuta mwanga. Kunde, mchicha na saga ni heri kuzisia pale pale zitakapokulia. Saga hasa ina mzizi mkuu unaozama chini, na haipendi kusumbuliwa.

La tatu, na ndilo lililonigharimu zaidi, ni kiasi. Katika msimu wangu wa pili nilisia kwa wingi na kumwagilia asubuhi, adhuhuri na jioni, nikidhani huo ndio upendo. Siku moja nikakuta miche imelala chini kama iliyokatwa kwa wembe. Mashina yalikuwa yameoza usawa wa udongo. Ni maradhi ya kuvu, nayo hustawi penye msongamano na maji yasiyokauka. Dawa yake si chupa ya dukani. Punguza miche iliyosongamana ungali na nafasi, mwagilia asubuhi ili juani udongo wa juu ukauke, na usirudie kitalu kile kile msimu baada ya msimu. Kung'oa mche wenye afya ili mwenzake apate nafasi huuma roho, lakini asiyeweza kung'oa hatavuna. Mbegu ya spinachi yetu hiyo inafundisha somo hili waziwazi: aghalabu kile unachokiona kuwa mbegu moja ni kifungu cha mbegu kadhaa, na miche miwili au mitatu huchomoza mahali pamoja. Mwachie mmoja.

Miche ikiwa na majani manne hadi sita ya kweli, ni wakati wa kuatika. Wiki moja kabla yake punguza maji na kivuli polepole ili izoee shida. Fanya kazi hiyo jioni, ung'oe mche pamoja na udongo wake, na kati ya mnavu mmoja na mwingine uache sentimita 30. Sukuma wiki huhitaji zaidi, sentimita 45 au 60. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mashina, lakini zisiyaguse. Usipande mnavu mahali ulipotoa nyanya, viazi, pilipili au biringanya, maana zote hizo ni ukoo mmoja na huambukizana maradhi kupitia udongo. Vivyo hivyo sukuma wiki asimfuate kabichi. Mmea wenye afya huanzia katika mpango huu, kabla hata mdudu wa kwanza hajabisha hodi.

La mwisho ni lile tulilolisahau wengi: kuacha mbegu. Tunapoona mmea uliostawi kuliko yote tunaukimbilia kwa kisu, tukauachia uzazi ule uliodumaa. Kufanya hivyo ni kuchagua udhaifu. Teua miche bora mapema, uifunge kitambaa, na umwonye kila mtu nyumbani asiiguse. Matunda ya mnavu yakiiva na kulainika, yaponde majini, uzioshe mbegu mpaka utelezi uishe, uzianike kivulini, uzitie katika bahasha na kuandika jina na tarehe. Kisha uzipande msimu ujao, usingoje miaka minane. Nitahadharishe pia kwamba si kila mbegu hufaa kurudiwa. Mbegu chotara zinunuliwazo dukani huzaa vizuri mara ya kwanza, lakini watoto wake hawafanani na mama. Nayo sukuma wiki huhitaji kipindi cha baridi ili itoe maua, hivyo katika maeneo ya joto ni nadra kuiona na mbegu. Kwa hizo, duka ni rafiki, mradi utazame tarehe iliyo kwenye pakiti na alama ya kuidhinishwa.

Hapa ndipo suala hili linapovuka ua wa nyumba yangu. Kwa miaka mingi desturi ya kupeana mbegu, aliyoifanya mama yangu bila kufikiri mara mbili, ilikuwa chini ya kivuli cha sheria. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ilifanyiwa marekebisho mwaka 2012, na mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa akawa katika hatari ya kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kufungwa hadi miaka 2. Nia ya kuwazuia wauzaji wa mbegu bandia ilikuwa njema, na wakulima waliowahi kupanda magendo hayo wanaijua hasara yake. Walakini wavu uliotegewa papa ulikuwa unanasa dagaa. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kuwa vifungu vilivyowaadhibu wakulima kwa kuhifadhi na kugawana mbegu zao vinakiuka Katiba.

Nawaomba walimu wenzangu wakifungue kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010. Kifungu hicho kinahusu utamaduni, na ndani yake Bunge limeagizwa kutunga sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Watunzi hawakuliweka jambo hilo katika sura ya biashara. Waliliweka pamoja na utamaduni, na kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo ndicho kinachoiagiza dola kukuza lugha zetu za kiasili. Mimi huona kwamba walikuwa na hekima. Lugha haihifadhiwi kwa kuandikwa kamusini tu, bali kwa kusemwa na watoto. Mbegu nayo haihifadhiwi kwa hukumu ya mahakama wala kwa kikopo, bali kwa kupandwa. Mahakama imetufungulia mlango, lakini haitatusilia mnavu.

Mtaala wa umilisi umelirudisha somo la kilimo katika shule za msingi, na vyama vya 4K vilifufuliwa mwaka 2021. Kirefu cha K hizo nne ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Nasikitika ninapoona kufanya kukigeuzwa kuwa kuchora. Mwanafunzi anachora mche daftarini, anapaka rangi ya kijani, anapewa alama, wala hajawahi kuugusa. Tuwatume watoto kwa nyanya na babu zao wakalete mbegu pamoja na jina lake katika lugha ya nyumbani. Wazijaribu kitambaani, wahesabu, waandike, wasie, waatike, wavune, waache mbegu. Humo mna hesabu, sayansi na lugha, na mwishowe mna mboga ya chakula cha mchana. Mwanafunzi wa chuo anayepanga chumba kimoja naye aanze na debe moja mlangoni.

Ile miche yangu miwili niliilinda kama mboni ya jicho. Sikuichuma hata jani. Iliachwa ikazaa, na mbegu zake zikajaza nusu ya kile kikopo. Vizazi kadhaa vimepita tangu hapo. Nimezigawa katika bahasha kwa jirani yangu, kwa ndugu zangu, na kwa yule kijana wa kuathiri, ambaye aliniletea fungu la mboga mwisho wa muhula na kuniambia, "Daktari, nimeatika." Kikopo kingali katika mtoto wa meza. Siku hizi ninatilia ndani yake klipu za karatasi.