Mato, Xaxa na Nax: Kosa ni Lipi?

Wako wazee wenzangu huku pwani ambao, wakiona jinsi vijana wa bara wanavyoandika, hushika vichwa na kusema kwamba Kiswahili kimekufa na kilichobaki ni kukizika. Mimi siafikiani nao. Lakini pia sisemi kwamba kila kiandikwacho na kijana ni sawa. Jambo hili lataka mizani, kwani tahajia zinazotukera si za aina moja, na mwenye kuzitia zote kapu moja huwadhulumu wengine.

Mwezi uliopita nilikuwa Nakuru, katika mtaa wa Free Area, ulio upande wa mashariki wa mji kwenye barabara kuu ya Nairobi. Hapo utasikia Kikuyu, Kikalenjin, Kijaluo, Kiluhya na Kikisii kabla hujamaliza kikombe kimoja cha chai. Kinachowakutanisha watu hao ni Kiswahili, na kwa vijana, Sheng. Katika maandishi yao mji hauitwi Nakuru. Waitwa Nax, na wakitaka kuupamba huuita Nax Vegas, kwa jina la mji wa anasa wa Marekani.

Nilimkuta kijana mmoja apakaye rangi mabango nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo x yafanya kazi gani?"

Akanijibu bila ya kuinua brashi, "Mzee, Nakuru ni ya serikali. Nax ni yetu."

Jibu hilo nimelifikiri sana. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na kijana yule hakuulizwa neno. Jina ndicho kitu alichoweza kukitengeneza kwa mkono wake.

Basi hiyo ndiyo aina ya kwanza: tahajia ya pambo. Hapo ndipo lilipo neno "xaxa", waliloandika vijana wengi katika simu zao badala ya "sasa". Husemwa kwamba waliandika hivyo ili kubana nafasi, kwa kuwa ujumbe wa simu ulikuwa na kikomo cha herufi 160. Ni kweli kwa "cjui", maana lina herufi nne na "sijui" lina tano. Lakini hesabu "sasa" na "xaxa": yote mawili yana herufi nne. Hapana kilichobanwa. Na ukiyasoma kwa sauti, hapana atakayetambua tofauti. Ni neno lile lile, limevaa nguo nyingine tu. Pambo la namna hii haliui lugha. Huchakaa na kuvuliwa.

Aina ya pili ni tahajia ibebayo sauti ya watu na mahali pao. Kijana aandikapo "mathe" kwa kukusudia mama, hajakosea kuandika mama. Ameandika neno jingine, kama alivyolisikia. Maneno kama hayo yamekwisha kuingia vitabuni: mwaka 2003 TUKI ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya Sheng ya Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga, na tangu 2010 katuni za Shujaaz zimewafikia vijana wa Kenya kwa lugha hiyo.

Nasi watu wa Mvita tumo katika aina hii ya pili, tukipenda tusipende. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa, hapa hapa kwetu, uliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930. Tangu hapo mtoto wetu akiandika "mato" kwa macho, au "nti" kwa nchi, hutiwa alama nyekundu. Akiandika "ndoo hapa", mwalimu wa bara aona ndoo ya maji. Akiandika "aliteka sana", mwalimu amtafuta kisimani, na kumbe mtu alikuwa akicheka! Lakini Abdilatif Abdalla alipotoa Sauti ya Dhiki mwaka 1973, kwa Kimvita hicho hicho, diwani ile ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Lililokuwa kosa kwa mtoto likawa sifa kwa malenga.

Tukumbuke pia kwamba wazee wetu walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu walitumia be kwa b na p, na fe kwa f na v. Msomaji ndiye aliyejua lipi ni lipi, kwa kuwa lugha ilikuwa kifuani mwake.

Aina ya tatu ndiyo niiogopayo: tahajia ya dhihaka, pale mtu aandikapo "rara" badala ya "lala" ili kumcheka jirani kwa kabila lake. Mzaha waweza kuwa mwema. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu, na kwa miaka mingi alichekesha nchi nzima katika Vitimbi kama Mzee Ojwang, kwa matamshi ya Kijaluo, na akapendwa. Lakini Nakuru ilimwaga damu kwa ukabila Januari 2008, na katika mji kama huo mzaha wa ulimi hauwi mwepesi daima. Surat ar-Rum yatufundisha kwamba kutofautiana kwa ndimi zetu ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, na Surat al-Hujurat yakataza watu kudharauliana.

Kwa hivyo nawaomba walimu, wa Nakuru na wa Mombasa, jambo moja dogo. Mtoto lazima ajue Kiswahili sanifu, kwani mtihani haumngojei. Lakini akiandika "xaxa", mwambieni pambo hilo si la darasani. Na akiandika "mato", msimtie alama ya kosa peke yake. Andikeni pembeni: "Hiki ni Kimvita, katika sanifu ni macho." Atajifunza la pili bila ya kuona haya kwa la kwanza, alilofunzwa na mamake.