Kizunguzungu Kinachotoka Sikioni

Mtu akisema "nina kizunguzungu", watu hawamwachi amalize: presha hiyo, au damu imepungua, au hujala. Anapimwa presha, anapimwa malaria, anapewa vidonge, anarudi nyumbani. Mwezi wa pili dunia inamzunguka tena. Hakuna aliyemuuliza sikio lake lilikuwaje siku hiyo, na hali hiyo ilichukua muda gani.

Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoutambulisha ugonjwa wa Ménière. Kwa kawaida mgonjwa huhisi sikio moja limejaa, kana kwamba limeingia maji. Linavuma, mvumo mzito kama wa jenereta ya jirani, na sauti za watu zinafifia. Halafu chumba kinazunguka, macho yanacheza, anatapika, kusimama hawezi. Shambulio hudumu kati ya dakika 20 na saa 12. Likiisha anabaki hoi, lakini baada ya siku moja mbili anaweza kuwa mzima kabisa, hadi wa nyumbani kwake waanze kunong'ona kwamba anajifanya, au ametupiwa kitu. Wengi huanza kuumwa wakiwa na miaka kati ya 40 na 60.

Ndani kabisa ya sikio kuna vijia vidogo vilivyochimbwa kwenye mfupa, vimejaa maji. Sehemu moja imejikunja kama konokono, nayo ni ya kusikia. Nyingine ina mifereji mitatu iliyopinda, na hiyo ni ya mizani ya mwili: ukigeuza kichwa, maji yanachelewa kidogo, vinyweleo vinainama, ubongo unapata habari. Kwa mgonjwa wa Ménière maji ya ndani, yaani endolimfu, huzidi na kuvimbisha kuta zake laini. Sikio bovu linapeleka habari zisizolingana na za sikio zima, na ubongo unaamua kwamba mwili unazunguka. Kwa kuwa kusikia na mizani vinatumia maji hayohayo, vinaugua pamoja.

Hilo Prosper Ménière aliliona mapema. Alikuwa daktari katika taasisi ya viziwi mjini Paris, na mwaka 1861 aliwaambia madaktari wenzake kwamba kizunguzungu cha aina hii chanzo chake ni sikio. Wao waliamini ni damu iliyojaa kichwani. Alifariki mwaka uliofuata. Miaka zaidi ya 160 imepita, na bado tunakimbilia presha.

Hakuna kipimo cha damu kinachoutambua ugonjwa huu. Kipimo cha usikivu husaidia sana, kwani mwanzoni sauti nzito ndizo zinazopotea, na picha ya MRI huhakikisha hakuna uvimbe kwenye neva. Lakini kinachomwongoza daktari zaidi ni maelezo yako, hasa ya muda. Kizunguzungu cha sekunde chache kila unapojigeuza kitandani, unapoinuka kutoka sujudu au unapotazama juu, mara nyingi ni vichembe vya chokaa vilivyotoka mahali pake sikioni. Hicho hutibiwa kwa kugeuzwa kichwa kwa utaratibu maalumu, pengine siku hiyohiyo, bila kidonge hata kimoja.

Ménière haina tiba ya kuimaliza. Kupunguza chumvi ndilo jambo la kwanza tunaloshauri: ushahidi wake si mzito, ila gharama yake ni ndogo. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko cha chai, na papa mkavu, ng'onda na viungo vya pakiti vimo katika hesabu hiyo. Betahistini huandikwa sana, lakini utafiti wa Ujerumani uliotoka mwaka 2016 haukuona ikishinda vidonge visivyo na dawa. Makundi yote yalipata nafuu. Dawa za kuzuia kutapika ni za siku ya shambulio tu. Ukizimeza kila siku, unauzuia ubongo kuizoea hali mpya.

Mashambulizi yakizidi, daktari anaweza kudunga steroidi kupitia ngoma ya sikio, au jentamaisini, dawa ileile tunayoiogopa kwa kuharibu masikio. Hapa inatumiwa makusudi kuzima mizani ya upande mbovu, na usikivu unaweza kudhurika. Upasuaji upo pia. Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda angani, alizuiwa kuruka kwa sababu ya ugonjwa huu. Akapasuliwa sikio, na Februari 1971 akatembea mwezini. Huwa nawaambia wagonjwa wangu habari hiyo, kisha nawakumbusha kwamba madaktari bado wanabishana kuhusu upasuaji ule.

Kuna wanaoanguka ghafla bila kuzimia, kana kwamba wamesukumwa. Hao wasipande mnazi, wasiendeshe bodaboda, wasiogelee peke yao. Na kizunguzungu kikija na ulimi mzito, mdomo kwenda upande, kuona vitu viwiliviwili au udhaifu wa mkono, hicho chaweza kuwa kiharusi: hospitali saa hiyohiyo.

Wengine wote, nunueni daftari. Andika tarehe, saa kilipoanza na kilipoisha, sikio gani lilivuma, ulikuwa unafanya nini. Lilete kwa daktari wa masikio, na siku hiyo usiendeshe gari mwenyewe.