Je, Wajua? Kinachozuia Mvua Hukioni

Kitambaa unachokiona juu ya gari la paa la kukunja sicho kinachozuia mvua. Kazi hiyo hufanywa na utando wa mpira uliofichwa katikati, kati ya kitambaa cha nje na cha ndani.

Mbinu hii ni kongwe kuliko gari lenyewe. Charles Macintosh, mkemia wa Glasgow, aliipatia hataza mwaka 1823 kwa ajili ya makoti ya mvua. Aliyeyusha mpira kwa mafuta ya lami ya makaa ya mawe, akaubana kati ya vitambaa viwili. Makoti yale yalinuka, na siku za joto yalinata. Watu waliyavaa hivyo hivyo.

Basi dawa ya kufukuza maji inayopuliziwa paa ni ya nini? Hukilinda kitambaa cha nje kisilowe. Kikishinda na maji huota kuvu, hata mwani wa kijani, hasa gari likilazwa chini ya mti. Limwagie paa maji kidogo: yakijikusanya matone na kuteleza, dawa ingalipo. Yakizama na kuacha doa jeusi, imekwisha.

Dawa haishiki juu ya uchafu wala unyevu. Kwa hiyo, kabla ya kupuliziwa, paa husuguliwa kwa brashi laini, husuuzwa mpaka povu liishe, kisha huachwa likauke kabisa. Mashine ya maji ya kasi haifai: huchambua nyuzi na kulegeza mishono.

Dirisha la nyuma la plastiki, kama la Mazda MX-5 za kwanza za 1989, halitaki brashi kabisa. Hukwaruzika upesi, na jua huligeuza manjano.