Hofu ya Kujifungua na Mazingira Yanayoizaa

Mtazamo wa mjamzito kuhusu kujifungua hujengeka muda mrefu kabla ya uchungu kuanza, kutokana na aliyoyasikia kwa mama, mawifi na majirani waliomtangulia kuzaa. Huko Sakina, mtaa wa Arusha ulio kando ya barabara ya Namanga, Waarusha na Wameru wanaishi pamoja na wahamiaji wa mikoa mingi, hivyo mwanamke mmoja huweza kuhimizwa kliniki aongeze mlo, kisha nyumbani akaonywa apunguze kula, mtoto asije akawa mkubwa na kushindwa kupita. Desturi hiyo ya kujinyima, inayojulikana zaidi kwa Wamasai, haifai kubezwa, kwa kuwa ilizaliwa pale ambapo hapakuwa na upasuaji na uchungu uliokwama ulimaanisha kifo. Hata hivyo, humfikisha mama kwenye leba akiwa dhaifu, pengine na upungufu wa damu.

Hofu yenyewe ya kujifungua ina nguvu mwilini. Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read alieleza katika miaka ya 1930 kwamba hofu hukaza misuli, misuli iliyokaza huongeza maumivu, na maumivu hurudi kuikuza hofu. Adrenalini, yaani homoni ya taharuki, huweza pia kudhoofisha kazi ya oksitosini, homoni inayousukuma mfuko wa uzazi kubana na kuachia. Hofu ikizidi kiasi cha mwanamke kukwepa mimba au kudai upasuaji usio na sababu ya kitabibu, wataalamu huiita tokofobia.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya uzazi nchini Tanzania hufanyika katika vituo vya afya, lakini kufika kituoni hakumwondolei mama wasiwasi wa kukemewa anapolia, kuachwa peke yake, au kuaibika kwa kukosa khanga safi na vifaa alivyoagizwa. Hapo ndipo msaada wa kijamii unapokuwa tiba. Uchambuzi wa majaribio 26 yaliyohusisha wanawake zaidi ya 15,000, uliochapishwa mwaka 2017, ulibaini kwamba waliokuwa na mtu wa kuwaliwaza muda wote wa uchungu walijifungua zaidi kwa njia ya kawaida na walilalamika kidogo kuliko wengine, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mama awe na msindikizaji amtakaye. Kwa hiyo, wodi za wazazi ziweke mapazia kati ya vitanda, ili mama, shangazi au mume wa anayejifungua aruhusiwe kuingia bila kuvunja faragha ya wengine.