Mwenzako Kazini ni Jeuri, Bosi Kanyamaza: Kweli au Si Kweli?

Novemba ikifika, maghala ya pembejeo ya Mbeya hayalali. Nilifanya kazi katika ghala moja la namna hiyo, na mwenzangu wa zamu alikuwa na mtindo wake: ukimkabidhi daftari la makabidhiano, analitupa juu ya magunia ya mbolea bila kusaini. Ukimuuliza idadi ya mifuko, anakujibu, "Kwani wewe nani?" Nilimwendea meneja mara tatu. Mara zote jibu lilikuwa moja: "Vumilianeni, nyie watu wazima."

Tangu hapo nimesikia ushauri uleule vijiweni, kuanzia Mwanjelwa hadi Miyomboni kule Iringa. Mwingi unawaumiza watu.

"Huo ni utani tu, usiweke moyoni."
Si kweli. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaujua utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Mngoni anaweza kumkejeli Mhehe hata msibani, na Mhehe akamrudishia papo hapo, wala hakuna wa kununa. Lakini utani ni wa pande zote mbili, na mtani anayekukejeli ndiye huyohuyo anayekufaa siku ya shida. Anayekuita mjinga mbele ya wateja, kisha akakuficha kwamba lori la mzigo limeshafika, huyo si mtani. Mpime: mrudishie neno moja la mzaha. Akiwaka, ujue alikuwa anatukana tangu mwanzo.

"Ukiandika utaonekana mchonganishi."
Si kweli. Uchonganishi ni kumsema mtu wakati wa chai asipokuwepo. Mimi nilianza kuandika kila tukio siku ileile: "Saa 1:10 asubuhi, mifuko 38, amekataa kusaini, dereva alikuwepo." Sikuandika kwamba ana dharau wala kiburi, niliandika alichofanya na alichosema. Wiki ya tatu nikapeleka barua, nikaomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Meneja aliyekuwa akisema "vumilianeni" alikaa chini akaisoma yote, maana mifuko isiyosainiwa ikipotea, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Zamu zikapangwa upya. Msamaha sikuombwa, lakini daftari lilianza kusainiwa.

"Mkunje shati siku moja, atanyooka."
Si kweli, na utajiponza. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinataja kumshambulia mfanyakazi mwenzako kati ya makosa yanayoweza kukufukuzisha kazi. Yeye atabaki, wewe utaondoka.

"Menejimenti ikikaa kimya, mambo yamekwisha."
Si kweli. Kama kazini kwenu kuna tawi la chama cha wafanyakazi, anza na mwakilishi wenu. Barua aliyoipeleka yeye haiwekwi kabatini kirahisi. Zaidi ya hapo ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, iliyoundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Lakini nisikudanganye: CMA haimfundishi mtu adabu. Mgogoro unaoupeleka pale ni kati yako na mwajiri wako, kwa haki aliyoivunja au wajibu alioukwepa. Migogoro isiyo ya kuachishwa kazi inapelekwa ndani ya siku 60 tangu ilipotokea, na hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambao umepewa siku 30. Mtumishi wa umma ana njia nyingine: tangu marekebisho ya 2016, anatakiwa kwanza amalize hatua zote za Sheria ya Utumishi wa Umma.

"Acha kazi, halafu uwashtaki."
Hapa kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewaponza wengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakubali kwamba mwajiri akiyafanya mazingira ya kazi yasivumilike, mfanyakazi aliyeondoka anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Ila wa kuthibitisha hilo ni wewe, na una siku 30 tu za kulifikisha CMA. Ukienda na machozi bila karatasi, mwajiri atasema hakuwahi kusikia lalamiko lolote, na hutakuwa na cha kumjibu.

Kwa hiyo ndugu yangu, barua ya kuacha kazi usiiandike usiku ukiwa na hasira. Hesabu kwanza nakala ulizonazo zenye muhuri wa kupokelewa. Kama huna hata moja, kesho asubuhi andika ya kwanza.