Tovuti ya chama: mwanachama mpya hutafuta hesabu, si picha

Mkulima wa Dirma, wilayani Hanang, anayefikiria kujiunga na chama cha akiba na mikopo huwa na maswali machache: kiingilio ni kiasi gani, hisa moja inauzwa bei gani, akiweka fedha atakopeshwa baada ya muda gani, na akitaka kujitoa atarudishiwa lini. Tovuti nyingi za vyama vya ushirika hazijibu hata moja kati ya hayo. Zinafunguka kwa picha ya mwenyekiti amevaa suti, zikifuatiwa na dira, dhamira na picha za mkutano mkuu wa miaka iliyopita.

Hapo ndipo mwanachama hupotea. Mtu aliyelipia data yake kwa simu hatasubiri picha nzito zifunguke, na akiona tarehe ya mwisho ya ukurasa ni ya miaka mitatu nyuma, ataamini kwamba chama chenyewe kimelala.

Kwa eneo kama Dirma, katika nyanda za ngano, mahindi, maharage, mbaazi na mifugo zilizo jirani na Mbulu, tovuti haiwezi kushindana na maneno ya jirani. Mkazi wa kijijini atajiunga kwa kuwa shemeji yake amekopeshwa na akamaliza deni salama. Faida ya tovuti iko kwa mwingine: kijana wa Dirma anayefanya biashara Babati, Arusha au Dar es Salaam, ambaye bado ana shamba na wazazi nyumbani, na ambaye angeweza kuweka akiba kila mwezi kwa simu kama angejua masharti. Huyo hana jirani wa kumuuliza. Swali lake la kwanza ni kama anaruhusiwa kabisa, kwa sababu wanachama wa SACCOS hutakiwa kuwa na jambo linalowaunganisha, iwe makazi, kazi au biashara. Jibu hilo liandikwe juu kabisa ya ukurasa.

Baada ya hapo ije riba, na ni hapa vyama vingi huficha zaidi. Kuandika tu kwamba riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi hakumsaidii mkopaji. Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miezi 12. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, mkopaji atalipa riba ya shilingi 180,000. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, huku mkopo ukirejeshwa kwa mafungu sawa, atalipa shilingi 97,500. Tofauti ni shilingi 82,500, na kiwango kilichoandikwa ni kilekile.

Vilevile, katika vyama vingi mwanachama hukopeshwa hadi mara tatu ya akiba yake. Mwenye akiba ya shilingi 500,000 anapata mkopo wa shilingi 1,500,000, lakini akiba hiyo hufungwa kama dhamana mpaka deni liishe. Fedha mpya mkononi mwake ni 1,000,000, ilhali riba inatozwa juu ya 1,500,000. Si wizi, ni utaratibu wa ushirika, na mara nyingi bado ni nafuu kuliko mkopeshaji wa mtaani. Lakini mfanyabiashara anayejua hesabu ataona mwenyewe, na heri akaione kwenye tovuti ya chama kuliko kuambiwa na mtu aliyekwisha kukasirika.

Mwekezaji mdogo naye aelezwe wazi kwamba hisa ya ushirika si kama hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998. Haipandi bei wala haiuzwi sokoni. Mapato yake ni gawio, chama kikipata ziada na mkutano mkuu ukiamua kuigawa. Na mwenye hisa nyingi ana kura moja, sawa na mwenye chache.

Tahadhari hii ina sababu zake. Vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa na Serikali mwaka 1976 na kurejeshwa kwa sheria ya 1982. Wazee bado wanakumbuka mali iliyokwenda bila maelezo. Mwaka 2009 maelfu ya Watanzania waliachwa mikono mitupu na mchezo wa DECI. Kwa jirani zetu wa Kenya, ukaguzi uliowekwa hadharani mapema mwaka 2025 ulionyesha kwamba KUSCCO, muungano wa SACCOS za nchi hiyo, ulipoteza shilingi za Kenya bilioni 13.3. Fedha hizo zilikuwa akiba za SACCOS wanachama wake. Mtu aliyesikia habari hizo haridhiki na nembo nzuri na rangi ya kijani.

Kwa hiyo ukurasa wa pili kwa umuhimu ni wa uthibitisho. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliziweka SACCOS katika daraja la tatu la watoa huduma hizo, chini ya leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Namba ya leseni iwekwe mahali pa kuonekana, ili msomaji aihakiki kwa Tume mwenyewe. Iwekwe pia hesabu iliyokaguliwa ya mwaka uliopita, hata kama ina hati yenye mashaka. Kiongozi atakayesema hesabu mbaya itafukuza wanachama anasahau kwamba ukimya huwafukuza mapema zaidi. Mikopo iliyochelewa kulipwa itajwe kwa jumla yake na asilimia yake.

Majina ya wadaiwa yasitajwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa vyama pia, na ile tabia ya kubandika orodha ya wadaiwa ukutani haifai kuhamishiwa kwenye intaneti. Fomu ya kujiunga nayo iombe kile kinachohitajika tu.

Kwa vyama vya mazao, kivutio kikubwa kuliko vyote ni bei. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, bei ilianguka na wakulima wa Manyara wakabaki na magunia ndani. Aliyepata habari mapema alikuwa na nafasi ya kuamua kuuza au kungoja. Chama kinachoandika kila wiki bei aliyotoa mnunuzi, makato yaliyokatwa, na tarehe mkulima alipolipwa, kitasomwa hata na wasio wanachama, wakiwemo wafanyabiashara wanaotafuta mzigo. Safu hiyo ya tarehe ya malipo ndiyo hasa inayopima chama.

Gharama ya kuitengeneza tovuti si kubwa kama gharama ya kuitunza. Vyama vingi humlipa fundi mara moja, naye huondoka na neno la siri. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la chama, neno la siri likae kwa watu wawili wa ofisi, na karani mmoja apewe posho ya kuandika bei jioni ya siku ya mnada, kwa maneno ya Kiswahili na picha chache nyepesi.

Mbaazi za Manyara huanza kuvunwa karibu Julai, na fedha huonekana vijijini wiki chache baadaye. Chama kinachotaka kuzipokea kama hisa na akiba kinatakiwa kuwa kimekwisha kuweka masharti yake hadharani kufikia Juni.